Kabla Hujalipa Minervali: Njia za Kuwa Muuguzi kwa Kijana wa Minova

Mtoto akishikwa na homa kali kule Bulenga, wa kwanza kumpokea si daktari. Ni muuguzi wa kituo cha afya. Yeye ndiye atakayempima, ataamua kama ni malaria au ugonjwa mwingine, atamwandikia dawa au ataagiza apelekwe haraka Hospitali Kuu ya Minova. Mfumo wa afya wa Kongo umejengwa hivyo: kijijini, kituo kimoja hukusudiwa kuhudumia watu hadi elfu kumi hivi, na anayekiongoza ni muuguzi, yule tunayemwita titulaire. Kipindupindu kinapozuka kandokando ya Ziwa Kivu, naye ndiye anayekiona kwanza. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba uuguzi ni masomo ya walioshindwa kuingia udaktari.

Njia za kuifikia kazi hii ni mbili kubwa, na kila moja ina wizara yake. Ya kwanza ni A2. Mwanafunzi anaingia Institut Technique Médical, yaani ITM, baada ya darasa la nane, anasoma miaka 4 chini ya Wizara ya Afya, kisha anakabili jury national, yaani mtihani wa taifa. Ya pili ni A1. Hapa unahitaji Diplôme d'Etat mkononi, halafu unasoma miaka 3 katika Institut Supérieur des Techniques Médicales, ISTM, iliyo chini ya wizara ya elimu ya juu na vyuo vikuu. Kwa mtu wa Minova, ISTM za serikali zilizo karibu ni pamoja na ya Goma na ya Bukavu.

Juu ya A1 kuna A0. Zamani ilikuwa miaka 3 ya graduat na miwili ya licence. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeanza kuhamia mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ambamo licence ni miaka 3 yenye krediti 180, na master ni miaka 2 zaidi yenye krediti 120. Ukisoma tangazo la kazi linalotaka mwenye licence, uliza kwanza kama wanamaanisha ya zamani au ya sasa, maana zinatofautiana kwa miaka miwili mizima.

Sasa, uchague ipi? Kama mtoto wako amemaliza darasa la nane na uwezo wa nyumbani ni mdogo, ITM ina mvuto: baada ya miaka 4 anaweza kuanza kazi. Njia hii inafaa kwa mtoto ambaye mwenyewe anaitaka kweli. Lakini fikiria umri. Mwenye miaka 14 au 15 anaamuliwa maisha yake yote, na akiwa na 18 au 19 tayari anabaki peke yake zamu ya usiku, na mama mjamzito anavuja damu mbele yake. Mpeleke kwanza akazungumze na wauguzi wawili watatu wa kituo cha kwenu, waume kwa wake, wamweleze kazi ilivyo. Tena A2 si mwisho wa safari, kwani wengi huendelea baadaye ISTM kutafuta A1.

Aliyekwisha kupata Diplôme d'Etat, hata kama ni ya pédagogie au commerciale, asirudi nyuma kutafuta A2 kwa sababu tu ITM iko jirani. Aulize masharti ya ISTM na aanzie A1. Waliotoka biochimie hupata nafuu katika anatomia na masomo ya dawa, na wengine wajiandae kusoma kwa bidii zaidi mwaka wa kwanza. Anayevutwa zaidi na chumba cha kuzalishia aulize kuhusu sehemu ya sage-femme, kwa sababu ukunga una masomo yake.

Kwa A2 aliye kazini anayetaka kupanda ngazi, ruhusa ya masomo aiombe kwa maandishi katika ofisi kuu ya eneo la afya, na abaki na nakala. Ahadi ya mdomo hufa siku mkubwa wake anapohamishwa.

Shule nyingi za binafsi zimefunguliwa miaka hii, na baadhi ni nzuri. Nyingine hazina hata mfano wa mwili wa kujifunzia kuchoma sindano. Usilipe kabla ya kuomba kuona arrêté ya waziri inayoipa shule ruhusa, na hakikisha inataja masomo ya uuguzi yenyewe. Watafute waliomaliza miaka miwili mitatu iliyopita uwaulize kama wamepewa diploma zenyewe zilizopitishwa na wizara, au bado wanatembea na attestation. Uliza pia staji inafanyika hospitali gani. Hili nalisisitiza, kwa sababu uuguzi haufundishwi ubaoni. Wanastaji thelathini wakizunguka kitanda kimoja, watano watashika mgonjwa na wengine wataangalia. Shule inayokwepa swali la staji imekwisha kukujibu.

Ukichagua shule umechagua na njia ya kufika huko. Vita vilipoifikia Sake mwanzoni mwa 2024, barabara ya Minova–Goma inayopita hapo ilifungwa, watu wakabaki na ziwa. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakafa. Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Minova kisha Goma, na Februari likaingia Bukavu. Kwa hiyo, unapopiga hesabu ya minervali, ongeza pango la nyumba mjini, chakula, na nauli ya safari chache kadiri iwezekanavyo. Ukipita majini, usipande boti isiyokupa gile ya kujiokoa, hata kama umechelewa mtihani.

Kwa waliokimbia makwao, karatasi ni mali. Piga picha bulletin zote, Diplôme d'Etat na hati ya kuzaliwa, uzitume kwenye barua pepe yako na kwa ndugu aliye mbali. Simu huibwa na nyumba huungua.

Diploma pekee haitoshi. Sheria ya Julai 2016 iliunda Ordre des Infirmiers, na muuguzi anatakiwa awe ameandikishwa humo ndipo afanye kazi kihalali. Panga fedha ya kujiandikisha tangu mwaka wa mwisho, usingoje kuombwa na mwajiri. Anayefikiria kusomea Rwanda ajue kwamba vyuo vya huko hufundisha kwa Kiingereza, na kwamba diploma ya kigeni inahitaji équivalence kabla ya kutambuliwa Kongo.

Tuseme wazi pia habari ya malipo, maana familia nyingi huuza shamba zikitarajia mshahara wa serikali. Muuguzi wa serikali anaweza kupata vitu vitatu: mshahara, primu ya hatari, na primu ndogo ya hapohapo inayotoka katika fedha wanazolipa wagonjwa. Wengi wanafanya kazi miaka mingi bila matrikule, yaani namba ya utumishi wa serikali, na wanaishi kwa hiyo ya tatu tu. Mashirika ya misaada hulipa vizuri zaidi, lakini mikataba yao ni mifupi na huisha mradi unapofungwa. Kabla ya kuuza shamba, nenda hospitali ya Minova ukamuulize mkuu wa wauguzi mambo mawili: wanakosa watu wa ngazi gani, na aliyeajiriwa mwisho alisoma wapi.