Gazeti Kitandani: Somo Kutoka Burma

Tukitoka Donholm kwenda mjini, pale Jogoo Road makanga huuliza, "Burma kuna mtu?" Wengi wetu tunajua Burma ni soko la nyama tu. Lakini kwetu nyumbani ni nchi ambako baba yake babu yangu alivunjwa mguu na risasi.

Tuanze na historia. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipiganwa kati ya 1939 na 1945. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipambana na Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma, na mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin. Risasi, matope na malaria viliwapeleka wengi hospitalini.

Je, majeruhi hawa walisoma nini? Askari walitoka makabila mengi, ila lugha ya jeshi ilikuwa Kiswahili. Kwa hivyo walitolewa magazeti ya Kiswahili. Jeshi lilikuwa na gazeti la *Askari*, na *Heshima* kwa waliokuwa Asia. Halafu kulikuwa na *Baraza*, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, ambalo askari wenyewe waliliandikia barua. Kikosi cha elimu nacho kiliwafundisha askari kusoma na kuandika.

Sasa sikizeni aliyonisimulia babu. Baba yake alipolazwa hakujua a wala be. Gazeti likifika, mgonjwa mmoja alilisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Hapo hapakuwa na shida. Siku moja ikaja barua ya mkewe, nayo ikasomwa vivyo hivyo. Wodi nzima ikasikia kwamba mtoto wake mchanga amefariki. Mzee akageukia ukuta, maskini, hana hata pa kulilia. Kesho yake akamwomba jirani wa kitandani amwonyeshe herufi kwenye lile gazeti. Barua iliyofuata aliisoma mwenyewe, kimya kimya, kidole kikifuata maneno.

Tunajifunza nini?

1. Kiswahili kiliwaunganisha watu waliokuwa mbali sana na kwao.

2. Gazeti la jeshi lilisema yale jeshi lilitaka yasemwe, na barua za askari zilifunguliwa na wakaguzi. Tusomapo, tujiulize ni nani aliyeandika, na kwa nini.

3. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hata macho ya kusomea, ni heri uwe na yako.

Wenzangu, kuna wale husema eti Kiswahili ni kigumu, wacha tubahatishe mtihani. Yule mzee alijifunza akiwa na mguu uliofungwa bendeji. Sisi tumevunjika nini?

Zoezi: Muulize mzee wa kwenu kitu cha kwanza alichosoma mwenyewe. Andika jibu lake kwa aya moja, ulete chamani.