Uhafidhina: Jina na Vitendo

Neno uhafidhina asili yake ni kuhifadhi. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, alifundisha mwaka 1790 kuwa desturi za wazee ni amana: hurekebishwa kwa hadhari, wala hazing'olewi mizizi. Chama cha Wahafidhina cha nchi hiyo chajinasibisha na mafunzo hayo. Lakini ni serikali ya chama hicho iliyopitisha sheria ya mwaka 1972, ambayo kwayo kaunti kongwe za Rutland na Westmorland zilivunjiwa mabaraza yake mwaka 1974, kwa hoja ya kutengeneza utawala. Rutland ilirudishiwa baraza lake mwaka 1997.

Basi yatupasa kupima chama kwa vitendo. Mshika amana huulizwa amana iko wapi. Haulizwi anaitwa nani.