Shahada ya Ujasiriamali UDOM: Maswali ya Wazazi na Wanafunzi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, familia nyingi za Dodoma na Singida huanza kupekua orodha za kozi. Shahada ya ujasiriamali ndiyo inayozua ubishi mkubwa sebuleni.

Hivi biashara nayo inasomewa digrii?

Inasomewa. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), chuo cha umma kilichoanza mwaka 2007 huko Chimwaga, kinatoa Shahada ya Biashara katika Ujasiriamali kwa miaka 3. Machinga hodari anaweza kuuza kuliko mhadhiri wake, hilo halina ubishi. Tatizo lake huanza pale benki inapodai hesabu za miaka iliyopita na andiko la mradi.

Akihitimu atauza nini?

Aanze kwa kutazama zabibu. Dodoma huvuna mara 2 kwa mwaka, lakini mkulima wa Hombolo au Mpunguzi akikosa mnunuzi, mzigo hauvumilii. Unaoza ndani ya siku chache, na mlanguzi analijua hilo. Mwenye mtambo wa kukamua na matangi hupata mchuzi wa zabibu, ambao huweza kusubiri bei. Anayekausha naye hupata muda. Kazi ya mhitimu ni kupiga hesabu: je, gharama ya tangi italipwa na tofauti ya bei?

Kuna alizeti pia. Wengi huona mafuta tu, wakasahau mashudu, ambayo wafugaji huyanunua kwa chakula cha mifugo. Mradi usiohesabu mashudu umeacha fedha mashineni.

Wateja nao wameongezeka tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma.

Mtaji je?

Halmashauri hutenga 10% ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4% kwa wanawake, 4% kwa vijana na 2% kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ya vijana hupitia vikundi, kwa hiyo marafiki wa darasani wana thamani kubwa kuliko wanavyodhani. Kwa mashine na ushauri kuna Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) utalipwaje bila mwajiri?

Hapa ndipo wengi hujisahau. Mwajiriwa hukatwa 15% ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri, kwa marekebisho ya sheria ya 2016, hutakiwa kulipa 10% ya kipato chake au shilingi 100,000 kwa mwezi kama kiwango cha chini. Kwa biashara changa ya kufungasha ubuyu hizo si fedha ndogo, na zinapaswa kuwemo kwenye mpango tangu mwanzo.

Basi nani achague kozi hii?

Anayelenga ajira ya ofisini achukue uhasibu. Lakini kijana aliyekuwa akiuza karanga bwenini na kuandika mapato yake daftarini, wazazi wamruhusu. Kozi hii inamfaa.