Wewe wa kwanza kwenu kwenda chuo Marekani? Anzia hapa

Ulifika Marekani na familia kutoka Nyarugusu, Kakuma au Bujumbura. Sasa uko sekondari Kentucky, Iowa au Texas. Wazazi wanakuhimiza usome, lakini nyumbani hakuna aliyewahi kujaza fomu ya chuo cha huku. Msaada wako upo, tena umewekwa kwa sheria. Ila hautakuja kugonga mlango. Unaufuata, na unautaja kwa jina.

Jina la kwanza ni TRIO. Hizi ni programu za serikali kuu zilizoanza na Upward Bound mwaka 1964, na zinawalenga vijana wa kipato kidogo ambao wazazi wao hawana shahada. Upward Bound hukuchukua ukiwa bado sekondari. Unapata masomo ya ziada, na wakati wa likizo ya kiangazi unasoma kwenye kampasi ya chuo. Talent Search hukusaidia kuchagua vyuo na kujaza maombi. Zote ni bure.

Kesho nenda kwa kaunsela wa shule. Muulize hivi: "Tuna Upward Bound au Talent Search hapa? Kama hatuna, chuo gani cha karibu kinayo?" Ukiuliza tu kama kuna msaada wowote, utapewa kipeperushi na kurudishwa darasani. Nenda mapema, ukiwa darasa la 9 au la 10. Ukisubiri mwaka wa mwisho, nafasi nyingi za Upward Bound zitakuwa zimekupita.

Usijiondoe mwenyewe kwenye foleni. Baba ana Diplôme d'État ya Kongo? Hicho ni cheti cha kumaliza sekondari, si shahada. Wewe bado unahesabiwa wa kwanza. Hujawa raia? Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, aliyepewa hifadhi na mwenye green card wote wanaweza kupata misaada ya masomo ya serikali kuu. Weka karibu namba yako inayoanza na A. Utaulizwa.

Sasa FAFSA, fomu inayofungua karibu kila mlango wa fedha. Kwa kawaida hutolewa tarehe 1 Oktoba, na hujazwa bure kwenye studentaid.gov. Mtu akikuomba hela ili akujazie, ondoka. Ijaze Oktoba hiyohiyo kama unaweza, maana majimbo mengine hugawa fedha zao mpaka ziishe.

Andika jina na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyo kwenye kumbukumbu za ofisi ya Social Security. Wengi wetu tuliandikiwa tarehe 1 Januari kambini. Hata kama mama anakumbuka ulizaliwa msimu wa mavuno, fomu haitamsikiliza mama. Kama unataka kusahihisha, anza na kumbukumbu hizo, kisha ndipo uguse FAFSA.

Hapa kwenye swali la wazazi ndipo watoto wetu wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu. Kwetu baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na dada aliyekubeba mgongoni mkikimbia vita ni mzazi kamili. FAFSA haihesabu hivyo. Mzazi kwa fomu hii ni aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria, na wakati mwingine mwenzi wake. Mjomba unayeishi kwake humjazi kama mzazi, hata kama ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Ukimjaza, mshahara wake wa kiwandani unaweza kukupunguzia ruzuku uliyostahili.

Basi fanya hivi. Kama wazazi wote wawili wamefariki na hakuna aliyekuasili, jibu kwamba wewe ni yatima. Utahesabiwa mwanafunzi anayejitegemea, na kipato cha mtu mwingine hakitaulizwa. Ni vilevile kama ulikuwa foster care baada ya kutimiza miaka 13, au kama mahakama ya jimbo lako ilimpa mtu mwingine ulezi wako kisheria. Tafuta karatasi hizo sasa, kabla ya kuombwa.

Na kama wazazi wako hai lakini mlipotezana njiani na hamna mawasiliano? Chagua sehemu ya mazingira yasiyo ya kawaida. Sheria imeitaja hali ya ukimbizi na hifadhi miongoni mwa mambo ambayo ofisa wa chuo anaweza kuyazingatia. Fomu itakupokea kwa muda kama unayejitegemea, kisha utapeleka ushahidi chuoni. Omba barua kutoka kwa shirika lililowapokea, kwa mwalimu, kwa mchungaji au kwa imamu. Iwe fupi, yenye tarehe na sahihi, ikieleza nani amekulea na tangu lini. Kila chuo huamua chenyewe, kwa hiyo ipeleke kila ulikoomba. Najua inauma kuandika habari hizo kwa watu usiowajua. Waandikie hata hivyo. Hiyo ni karatasi moja inayoweza kubadilisha hesabu yote.

Kama wazazi unao nyumbani, kila anayetakiwa kwenye fomu afungue akaunti yake na akubali taarifa zake za kodi zichukuliwe kutoka IRS, mamlaka ya kodi. Akikataa, hupati msaada wa serikali kuu. Akiwa hana namba ya Social Security bado anaweza kufungua akaunti. Wazee wengi huogopa kusaini jambo la serikali wasilolisoma, na wana sababu zao. Usiwaharakishe usiku wa mwisho. Kaa nao mapema, watafsirie mstari kwa mstari, au wapeleke kwenye jioni ya FAFSA shuleni ukaombe mkalimani.

Ada ndogondogo nazo zina msamaha. Ukiwa na kipato kidogo unaweza kufanya mtihani wa SAT bure mara mbili, na ndani ya Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, kuna sehemu ya kuomba usilipe ada ya maombi. Kaunsela atathibitisha. Usiache chuo kwa sababu ya dola 75 ambazo hukupaswa kulipa.

Kama maksi zako ni za juu sana, tazama QuestBridge. Maombi yake hufungwa mwishoni mwa Septemba, na wanaochaguliwa hulipiwa miaka minne yote kwenye vyuo vikubwa. Posse nayo huwapeleka vijana chuoni kikundi kwa kikundi, lakini lazima shule au shirika likupendekeze, na ipo kwenye baadhi ya miji tu. Mwambie mwalimu anayekujua vizuri, mwaka mmoja kabla ya kuomba.

Barua za kukubaliwa zikifika, usishangilie jumla iliyo chini. Chukua kalamu. Upande mmoja andika usichorudisha: Pell Grant, ambayo mwaka 2025/26 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, ruzuku ya jimbo, na ufadhili wa chuo chenyewe. Upande mwingine andika mikopo. Work-study iache pembeni, maana hiyo ni kazi utakayoifanya kwanza ndipo ulipwe. Ukiona mkopo uitwao Parent PLUS, simama. Huo unamfunga baba au mama, si wewe.

Kisha kipigie simu kila chuo, ukianza na programu ya TRIO inayosaidia walio tayari chuoni: "Mna Student Support Services ya TRIO? Wanafunzi wa Pell kwenu wanamaliza wangapi kati ya mia?" Mimi ningechagua chuo kisicho na jina kubwa chenye majibu mazuri ya maswali hayo kabla ya chuo maarufu kisichojua cha kukujibu. Kuanzia community college si aibu, mradi ujue tangu siku ya kwanza krediti zipi zitahamia chuo kikuu.

Kati ya Juni na Agosti wengi hupotea wakiwa tayari wamekubaliwa. Barua pepe zinarundikana: chanjo, nyumba, mtihani wa kupangiwa madarasa, amana ya kushika nafasi. Fungua barua pepe ya chuo kila siku. Amana ikikushinda, omba msamaha kwa maandishi.

Ukishafika, wiki ya kwanza jisajili Student Support Services, hata kama unafanya vizuri. Krediti 12 kwa muhula zinatosha kukuita mwanafunzi wa muda wote, lakini shahada nyingi ni krediti 120. Ili umalize miaka minne unahitaji 15. Somo likikulemea, onana na mshauri kabla hujaliacha. Ukiacha mengi, msaada wa fedha unaweza kukatwa.

Zungumza pia na nyumbani kuhusu hela. Shangazi aliyebaki Uvira atapiga simu, na shifti ya usiku ghalani italipa haraka. Panga kiasi unachoweza kutuma na saa unazoweza kufanya kazi, uvitaje wazi mezani kabla ya muhula kuanza. Wazazi wengi huelewa wakioneshwa ratiba na namba.

Na kama mama au kaka mkubwa naye anatamani kurudi shule, TRIO ina Educational Opportunity Centers kwa ajili ya watu wazima. Muulizie siku hiyohiyo unapokwenda kuulizia ya kwako.