SOMO LA KIINGEREZA: Maneno mawili yanapokuwa moja

Tunaendelea na somo letu, na leo tunatazama maneno yanayoundwa kwa kuunganisha mawili.

Kiswahili tunayo tayari. Mwanakondoo ni mwana na kondoo. Mwana akiwa peke yake ana mkazo wake, MWA-na. Akiungana na kondoo anaupoteza, na unabaki mmoja tu, silabi ya pili kutoka mwisho: mwa-na-ko-NDO-o. Kiingereza kwa kawaida hufanya kinyume: neno la kwanza hushika mkazo, la pili hulegea. Pasaka ni "PASS-o-ver", silabi tatu. Neno hilo, pamoja na "scapegoat", yule mbuzi wa Walawi 16, yalitungwa na William Tyndale katika tafsiri yake ya mwaka 1530. "SCAPE-goat" ina silabi mbili tu. Wengi wetu tunasema si-ke-pu-go-ti, tano! Nalo "shepherd" ni "sheep", kondoo, na "herd", neno la kale la mchungaji. Yameshikana siku nyingi hata herufi h ya katikati haisikiki.

Mkazo hubadili maana pia. "GREENhouse" ni banda la kuoteshea mboga. "Green HOUSE" ni nyumba yoyote ya rangi ya kijani.

Hapa Kampala jambo hili si la darasani tu. Mama anaulizwa ofisini, huyu mtoto ni nani wako? Ni mtoto wa mume wake, anajibu "stepson", lakini kwa mdomo wa Kiswahili: stepu-SO-ni. Sikio la Kiingereza linashika "son", mwana wa kumzaa, maana ndipo nguvu ilipo, na ndivyo inavyoandikwa. Siku mtoto akihojiwa anamtaja mama mwingine, maneno hayalingani, na faili inaweza kusimama. Basi tuseme "STEP-son", "GRAND-son", nguvu mwanzoni, bila kuongeza irabu. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna kazi mara mbili, maana Kifaransa nacho hupenda kukazia mwisho. Ulimi ukikataa, omba mkalimani, au eleza kwa urefu: "my husband's son, his mother is another woman". Afadhali maneno mengi yanayoeleweka.

Zoezi la nyumbani: gonga meza mara moja kwa kila silabi. "Birthday", "landlord", "stepdaughter", "grandfather". Majibu: 2, 2, 3, 3. Mkazo wote uko mwanzoni.