Urithi wa Mbegu na Wingi wa Mavuno

Mahindi yakiisha kuvunwa katika nchi ya Mpanda, Mlele na Mpimbwe, wenye nyumba huteua yale yaliyo manene kuliko yote, wakayafunga kwa maganda yake na kuyatundika juu ya meko, ili moshi uyalinde na dumuzi mpaka mvua za Novemba. Desturi hii ni njema, wala hatuna neno la kuilaumu kwa upande wa moshi. Lakini kwa upande wa uteuzi iko kasoro, nasi twataka kuieleza, maana wako wakulima waliopoteza magunia mengi kwa ajili yake. Hasa wamepoteza wale walionunua mbegu chotara mwaka mmoja wakavuna sana, kisha mwaka wa pili wakapanda punje za mavuno yale yale, wakaona shamba limejaa mashina marefu na mafupi, hindi hili zito na lile jepesi. Wengine hudhani shamba limerogwa, wengine humshitaki mwenye duka. Huenda mwenye duka ana makosa yake, lakini katika jambo hili kwa kawaida hana.

Tuanze na hindi lenyewe. Msomaji na achukue hindi lolote lisilo na kilema, ahesabu mistari ya punje kulizunguka. Ataona 12, au 14, au 16; hataona 13. Mistari huwa ni shufwa, kwa sababu vijiua vya hindi huzaliwa viwili viwili. Hesabu hiyo ya mistari hufuata sana asili ya mbegu. Lakini urefu wa mstari, yaani punje ngapi zimejipanga toka kitako hata ncha, hufuata zaidi mvua na chakula ulichopata mmea katika majuma yale machache ambapo ndevu zatoka. Kila unywele wa ndevu zile waongoza kwenye punje moja. Unywele ukikauka kabla ya kupata unga wa mbelewele, punje yake haipo. Na uzito wa punje ni jambo jingine tena. Basi mavuno ya ekari si kitu kimoja. Ni hesabu ya kuzidisha: mashina mangapi, kila shina mahindi mangapi, kila hindi mistari mingapi, kila mstari punje ngapi, na kila punje uzito gani.

Sasa fikiri juu ya hindi lile nono lililotundikwa jikoni. Limetoka wapi? Yawezekana shina lake lilisimama juu ya kichuguu cha mchwa, penye udongo wa rutuba. Yawezekana majirani zake walikufa wangali wachanga, nalo likanywa maji na kula mbolea ya mashina matatu. Unene wake ni wa mahali, si wa ukoo, wala mahali hapaingii ndani ya punje. Mwakani punje zake zikipandwa mbali na kichuguu, zitazaa kama mahindi mengine tu.

Elimu ya urithi ilipata msingi wake kwa mtawa mmoja jina lake Gregor Mendel, ambaye mwaka 1866 alitoa maandishi juu ya njegere alizopanda katika bustani ya nyumba ya watawa. Alionyesha kwamba kila kiumbe hupokea chembe za urithi mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama, na ya mmoja yaweza kuificha ya mwingine. Chembe hizo siku hizi huitwa vinasaba. Mfano ulio karibu nasi ni harufu ya mchele. Katika mpunga wa namna nyingi unaonukia, harufu hutokana na kinasaba kimoja ambacho hufichwa kikikutana na mwenzake wa mpunga usionukia. Ukiuchanganya mpunga wa namna hizo mbili, watoto wote hawanukii. Lakini wajukuu, mmoja katika kila wanne hunukia tena. Harufu haikupotea, ilijificha.

Laiti wingi wa mavuno ungefuata njia nyepesi kama hiyo! La, sivyo. Mavuno yana vinasaba vingi sana, kila kimoja chasukuma kidogo, na vingine husukumana wao kwa wao. Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walieleza kinasaba kimoja cha mpunga ambacho, kikilegea katika kazi yake, suke huzaa punje nyingi zaidi. Ni habari njema. Lakini suke lenye punje nyingi lataka majani yenye nguvu ya kuzijaza, na mmea ukishindwa, mkulima huvuna mapepe. Kadhalika urefu wa shina. Mpunga mrefu ukitiwa mbolea nyingi hulala chini masuke yakijaa, na mbolea yote imekuwa hasara. Mpunga uitwao IR8, uliotolewa Ufilipino mwaka 1966, ulirithi ufupi kwa mzazi mmoja wa Kichina, nao ukasimama. Mavuno ya Asia yakabadilika kwa kinasaba kimoja cha ufupi, wala si cha punje.

Mkulima wa mpunga wa Usevya au Kakese ana bahati moja. Ua la mpunga hujizalisha lenyewe, karibu kila mara, basi mbegu yake akiitunza isichanganyike hubaki vile vile miaka mingi. Hindi sivyo. Mbelewele iko juu, ndevu ziko chini, na upepo ndio mshenga. Ukipanda mahindi meupe karibu na ya njano ya jirani, utaona punje za njano katikati ya nyeupe. Hao ni watoto wa shamba la pili. Mama wa punje twamjua, baba hatumjui.

Bwana George Shull wa Marekani alitoa mwaka 1908 habari za mahindi aliyoyalazimisha kujizalisha yenyewe kizazi baada ya kizazi. Yalidhoofika, yakawa mafupi na yenye mavuno haba. Lakini alipochanganya koo mbili dhaifu, watoto waliinuka kwa nguvu kupita wazazi. Hapo ndipo njia ya mbegu chotara ilipofunguka. Katika Afrika ya Mashariki, kituo cha Kitale, Kenya, kilitoa mwaka 1964 mbegu iitwayo H611, kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador.

Nguvu ya chotara hutoka katika kutofanana kwa chembe za baba na za mama. Tuseme kwa mfano tu: koo mbili za wazazi kila moja huzaa magunia 4 kwa ekari, na chotara wao magunia 20. Faida ya kuchanganya ni 16. Ukipanda punje za chotara, nusu ya jozi zile zisizofanana hugeuka kuwa za kufanana, na nusu ya faida hupotea. Utavuna kama 12. Wala kuteua hindi nono hakurudishi zile 8, kwa kuwa nalo limezaa watoto mchanganyiko. Chotara wa wazazi wengi hupungukiwa kidogo kuliko huyo. Na mwaka wa tatu kushuka hakuendelei hivyo, iwapo mbegu imetoka katika mashina mengi. Ikitoka katika machache, udhaifu wa ndugu kwa ndugu huongezeka.

Basi mwenye fedha na anunue chotara kila mwaka, wala asihesabu punje zake kuwa ni mbegu. Asiyeweza na atafute mbegu isiyo chotara, kama Staha au Kilima, ambayo huweza kurudiwa, ateue shambani wala si ghalani. Mahindi yangali mabichi, apite katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani na mbali na vichuguu, atafute mashina yaliyosimama na wenzake pande zote na yasiyo na ugonjwa wa milia majanini, ayafunge kamba ya gome. Yasipungue 100, hindi moja katika kila shina. Yatatosha mbegu ya ekari moja, kama kilo 10. Yakikauka, ayavune kwanza, apukuchue punje za katikati, azichanganye zote pamoja, ndipo azihifadhi.