Buibui Mwenye Miiba: Kumtambua na Kutomsingizia Kidonda

Kasanda na vijiji vingine vya nyanda za juu za Kigoma vimezungukwa na mashamba, vichaka na misitu ya miombo. Katika mazingira ya namna hii, mpita njia huweza kukuta utando wa mviringo kati ya matawi, na katikati yake kiumbe kidogo chenye rangi kali na miiba, kinachofanana na kaa kuliko buibui. Huyo ni buibui wa jenasi ya *Gasteracantha*. Sura yake hutisha, lakini hana hatari kwa binadamu.

Namna ya kumtambua

Anayeonekana kwa kawaida ni jike. Tumbo lake ni gumu kama gamba, pana kuliko urefu wake, na lina jozi tatu za miiba ukingoni. Upana wake hukaribia sentimita 1. Huwa na rangi ya njano, nyeupe, nyekundu au ya machungwa, pamoja na vidoa vyeusi mgongoni. Dume ni mdogo zaidi na miiba yake ni hafifu. Nyuzi za utando mara nyingi huwa na vishungi vyeupe vya hariri.

Rangi hubadilika hata ndani ya spishi moja. Jina la *Gasteracantha versicolor* lenyewe lina maana ya kubadilika rangi. Kwa hiyo umbo la miiba ni kielelezo bora kuliko rangi. Atazamwe bila kushikwa, mgongoni na tumboni.

Miiba hiyo haina sumu. Ni kinga dhidi ya maadui wanaotaka kumla. Huuma kwa nadra, na maumivu yake ni madogo.

Asichanganywe na mjane wa kahawia, *Latrodectus geometricus*, ambaye kuumwa naye huleta maumivu. Huyo ana tumbo laini la duara lisilo na miiba, alama ya rangi ya machungwa chini ya tumbo, na utando usio na mpangilio. Hupenda sehemu zilizojificha, kama vile chini ya viti na kwenye kuta za vyoo.

Kidonda kinachodhaniwa ni cha buibui

Hatari kubwa zaidi ni kumlaumu buibui ambaye hakuna aliyemwona. Kimeta cha ngozi huanza kama kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda kisichouma chenye gamba jeusi, kilichozungukwa na uvimbe. Mgonjwa anayeamini ameumwa na buibui huweza kubaki nyumbani akingoja kipone, ilhali bakteria wa kimeta wakiingia katika damu huweza kuua.

Mhudumu wa afya na aulize maswali mawili: Je, buibui alionekana akiuma? Je, katika wiki mbili zilizopita mgonjwa alichuna, alikata au alikula nyama ya mnyama aliyekufa ghafla? Jibu la ndiyo kwa swali la pili ni sababu ya kushuku kimeta, kuanza matibabu mapema na kumwarifu afisa mifugo. Kimeta cha ngozi hutibika kwa viuavijasumu. Kidonda kisikamuliwe wala kukatwa. Kifunikwe, na mgonjwa afikishwe kituoni siku hiyo hiyo.

Naye buibui mwenye miiba aachwe katika utando wake, aendelee kunasa wadudu.